Ulimbo Chini ya Mizeituni ya Padiri

Mimi ndiye niliyeziba matundu ya vyungu vya padiri kwa ulimbo wa kunasia ndege. Nasema mapema, kabla rafiki yangu Amisi hajawasimulia kwa namna yake (yeye habari yoyote huitia mamba), kwamba hakuwa shetani, hakuwa nyani, hawakuwa watoto wa kalasi ya kwanza: ni mimi, Kalume, kwa mikono yangu miwili na akili yangu moja, ambayo ile siku nilikuwa nimeisahau nyumbani. Hata leo, huku kwenye bweni la masomo, mbali na kwetu, ambako hakuna anayenijua vizuri na wengine wananidhania mtu wa maana, nikikumbuka masikio yanapata moto, najifunika blanketi mpaka kichwani, halafu nacheka peke yangu hadi jirani yangu wa kitanda anauliza kama nimeshikwa na malaria.

Kwetu ni kwenye misioni ndogo ya matofali mekundu, barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, na nyuma ya misioni kuna bonde lenye udongo mweusi, mzito, unaoshika mguu wa mtu kama mtoto asiyetaka mama yake aende sokoni. Udongo ule ulikuwa wa mama. Si kwamba alikuwa na karatasi ya serikali, hapana, lakini mama yake aliuchimba pale, na bibi yake kabla, na mtu akitaka chungu alijua mlango wa kupiga hodi. Vyungu vya mama vilikwenda mpaka Nyangwe juu ya vichwa vya wanawake, na ukikigonga kimoja kwa kidole kinakujibu, ngeee, kama kengele ya kanisa iliyo na aibu kidogo. Huku nilipo tunakunywa maji ya ndoo ya bati, yana ladha ya bati, na siku zingine naota ile harufu ya moshi wa majani makavu wakati mama anachoma vyungu jioni na mimi nimekaa karibu nikingoja viazi alivyonifukia pembeni ya moto. Basi. Tuache viazi.

Padiri wetu (mompere, kama tulivyomwita) alikwenda kwao Ulaya kupumzika, na aliporudi alikuja na miti minne ndani ya makopo ya biskuti. Alituita wote, akasimama barazani na uso umemjaa furaha kama mwenye harusi, akasema: "Watoto, hii ndiyo mizeituni! Chini ya miti kama hii Yezu alisali."

Sasa sisi, ile Mlima wa Mizeituni tulikuwa tunaiimba tangu hatujaota meno ya mbele, na kila mmoja wetu kichwani mwake alikuwa na mizeituni mirefu kama mivule, ya kupitisha ndovu chini. Tukatazama makopo. Vijiti vinne, majani madogo ya rangi ya majivu, urefu unafika kwenye goti langu. Amisi (yeye na nyumba yao wote ni waislamu, lakini katekisimu anaijua kuliko mimi, na hiyo ndiyo fimbo ambayo mwalimu alinichapia kila juma) akaninong'oneza: "Chini ya hii? Basi alikuwa amekunja shingo sana."

Nilicheka kwa sauti. Na kwa sababu nilicheka, padiri akaninyooshea kidole: "Wewe, Kalume, unafurahi! Wewe utakuwa muchungaji wa mizeituni yangu." Ndivyo nilivyopata kazi.

Udongo wa misioni padiri aliukataa. Alisema mvua ikinyesha unashika maji, na muzeituni (hapa alipandisha sauti kama anasoma injili) "hapendi kulala na miguu ndani ya maji. Maji inaingia, maji inatoka!" Alitaka miti ikae nje juani, ndani ya vyungu vikubwa vyenye tundu chini, na mvua kubwa ikija isogezwe barazani. Alilisema neno hilo mara nyingi mpaka sisi tukaligeuza kuwa litania. Yeye akisema "Maji inaingia?", kalasi nzima inajibu "Maji inatooooka!", na yeye, maskini, alidhani tunapenda kilimo.

Vyungu, bila shaka, alimwagiza mama. Mama akavifinyanga vinne, vikubwa hata mimi ningeweza kujificha ndani (nilijaribu, nikapigwa), akavichoma vizuri, vikalia ngeee. Lakini tundu hakuweka. Alisema yeye katika maisha yake hajawahi kutoboa chungu chake, kama padiri anataka kutoboa na atoboe. Kwetu chungu kinatobolewa chini siku mwenyewe amekufa, kinawekwa juu ya kaburi lake, ili asije mtu akakichukua kupikia. Padiri akatoboa kwa mkono wake, taratibu, kwa msumari na nyundo, jasho linamtoka puani. Vyungu tukaviweka mbele ya kanisa, kila kimoja juu ya mafiga matatu, na mizeituni ikahamia.

Siku ya kwanza kumwagilia ndiyo siku iliyoniharibia. Ilikuwa saa ya kutoka masomo, wasichana wa masera, wale watawa wa kike, wamesimama mistari yao, na mimi na ndoo yangu namimina maji kwa madaha, bega juu, nikijua natazamwa. Maji yakaingia. Maji yakatoka. Yakatoka chini, kwa mstari mwembamba, tiririri, yakapita kati ya mafiga yakaelekea mlango wa kanisa. Amisi, rafiki yangu, ndugu yangu, mtu niliyemgawia mihogo tangu utoto, akapaza sauti: "Jamani, njooni muone! Vyungu vya mama yake Kalume vinakojoa!"

Wasichana walicheka mpaka mstari ukavunjika. Na Mama Feza, ambaye naye alikuwa mfinyanzi (vyungu vyake vilikuwa vizuri, ila vikigongwa vinasema "pu"), alikuwa anapita na kuni kichwani, akasimama, akatikisa kichwa pamoja na kuni zote: "Mama yako sasa anafinyangia wafu? Chungu cha tundu, baba, ni chungu cha kaburi."

Nilikwenda nyumbani nimevimba kama chura. Mama alikuwa anasugua chungu kwa jiwe laini, nikamweleza yote, neno kwa neno, nikitegemea atawaka. Alisema tu "Mm", akaendelea kusugua. Mimi nikaisoma ile "Mm" kwa akili yangu, nikaona ndani yake machozi, uchungu, jina la ukoo kuanguka. Nikaamua kumwokoa.

Wale mliozaliwa mjini, ulimbo ni utomvu wa mti unaopikwa na kutafunwa mpaka unakuwa laini na kunata vibaya, unapakwa kwenye kijiti, ndege akitua hatoki. Mimi nilikuwa fundi wa ulimbo (cheo pekee nilichowahi kushika). Padiri alipoondoka kwenda kutembelea wakristo wa upande wa Wamaza, na akasema atarudi karibu na Siku ya Matawi, nilichukua kokwa nne za ngazi, yale matunda ya mchikichi, nikazipaka ulimbo mzito, nikalala chali chini ya vyungu wakati wa joto ambapo kila mtu amelala, nikakomelea kila kokwa ndani ya tundu lake na kuipiga kwa jiwe. Nikamimina maji. Yakaingia. Hayakutoka! Nikatazama chini ya vyungu, kukavu kabisa, jina la mama limepona, na zaidi ya hayo (nisiwadanganye) sikuhitaji tena kwenda kisimani kila mara, maana maji yakishaingia yanakaa. Nilijiona mtu mwenye akili kuliko padiri na Ulaya yake yote.

Halafu mvua za masika zikaanza. Ninyi mnazijua mvua za kwetu. Padiri alisema mvua kubwa ikija tusogeze vyungu barazani, lakini chungu chenye udongo na maji yasiyotoka kilikuwa kizito kama kiboko mwenye mimba, tulijaribu mimi na Amisi, Amisi akatoa upepo, tukacheka, tukaacha. Majani ya mizeituni yakaanza kuwa manjano. Nikafikiri: kiu! (Msicheke. Mahindi ya manjano si yanaomba maji?) Nikaongeza ndoo. Yakazidi kuwa manjano, nikazidi kuongeza. Udongo ukawa uji, ukaanza kunuka kama mihogo iliyosahauliwa mtoni, na ndani ya chungu cha mwisho akahamia chura, chura mzima mwenye sauti ya besi, ambaye wakati wa rozari ya jioni alikuwa anaitikia pamoja nasi, ila hakujua kunyamaza kwenye "Amina".

Padiri alirudi jioni ya kuamkia Siku ya Matawi, amechoka, matope mpaka magotini, na pamoja naye kwenye motokari alikuwa Musenyeri. Ndiyo, Musenyeri mwenyewe, askofu wetu, na kofia yake. Padiri alikuwa amemwahidi kwamba safari hii atabariki matawi kando ya mizeituni ya kweli, na atashika mkononi tawi la muzeituni, la kwanza katika nchi yetu yote. Giza lilikuwa limeingia, hawakutazama kitu. Mimi habari niliipata usiku. Alfajiri nilitaka kwenda kung'oa kokwa zangu, lakini watu wa vijiji vyote walikuwa wameshajaa pale mbele na matawi ya michikichi, na mimi nilikuwa wa kutumikia altare, nikavishwa kanzu nyeupe iliyofuliwa na masera hata inakata macho.

Musenyeri akatoka. Nyimbo. Padiri akampeleka kwa mzeituni wa kwanza, bado anatabasamu, Musenyeri akanyoosha mkono akashika tawi, akalivuta kidogo tu, na majani yote yakaanguka. Yote! Kikabaki kijiti, Musenyeri amekishika kama mtu aliyepewa mwiko badala ya ugali. Padiri akaingiza fimbo yake kwenye udongo, ikazama, akaichomoa na harufu ikatoka nayo, wa mbele wakaziba pua kwa matawi. Akatazama chungu cha pili, cha tatu. Matundu alikuwa ameyatoboa yeye mwenyewe, akilini mwake hakukuwa na nafasi kwamba kuna kiumbe cha Mungu kinaweza kwenda kuyaziba. Uso ukawa mwekundu, akageuka kutafuta watu, akamwona mama.

"Mama Kalume! Udongo wa hivi vyungu uliutoa wapi?"

"Bondeni, mompere. Kule kule kwa siku zote."

"Basi udongo ule iko mubaya! Iko na sumu! Chungu chako kinaua miti!"

Nyimbo zilikuwa zimekwisha, kila mtu alisikia. Nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Na mimi maji ya watoto iko mu chungu chake," na mwenzake akasema, "Mimi leo navunja." Padiri akaamuru vyungu vipelekwe kwenye shimo la takataka, yeye ataagiza mapipa ya chuma Kasongo. Mama Feza alikuwa tayari anatikisa kichwa, safari hii bila kuni. Mama alikuwa amesimama na tawi lake mkononi. Hakuinamisha kichwa. Alisema tu, polepole, kama anajiambia mwenyewe: "Udongo ule mama yangu aliula alipokuwa na mimba yangu."

Hapo ndipo mguu wangu uliondoka kabla ya mimi. Nisidanganye kwamba nilikuwa shujaa, shujaa angefungua kinywa. Mimi nilimpa Amisi chetezo cha ubani nilichokuwa nimeshika (yeye wala si mkristo, alikuja kutazama tu, akabaki amekishika kama nyoka), nikaruka, nikaingia chini ya chungu na kanzu yangu nyeupe, nikashika kokwa kwa vidole, nikavuta. Haikutoka. Ulimbo wangu ulikuwa mzuri mno, sifa zangu mwenyewe zikanishika. Nikaweka miguu kwenye figa, nikavuta kwa mikono miwili na kwa sala zote nilizokuwa nimeruka mwaka ule, na ikatoka, pwaa! Maji ya majuma mengi, meusi, yanayonuka, yakanipiga usoni, yakaingia puani, kinywani, kwenye kanzu ya masera, yakatiririka mpaka viatu vya Musenyeri. Chungu cha mwisho nacho, kwa kelele ile, kikamtoa chura wake, akaruka mara moja, akatua juu ya mkia wa joho la Musenyeri, akakaa.

Padiri akainama. "Kalume. Hii ni nini?"

"Ulimbo, mompere."

"Ulimbo wa nini?"

"Wa tundu. Niliziba. Walisema vyungu vya mama vinakojoa." Nikaona haitoshi, nikatafuta neno la kueleza vizuri zaidi, likaja lile alilotufundisha mwenyewe. "Maji... maji inaingia..."

Na kalasi nzima, watoto wote walioshika matawi, kwa mazoea, kwa moyo mmoja, mbele ya Musenyeri, wakajibu: "Maji inatooooka!"

Sijui nani alicheka kwanza. Nafikiri ni masera mmoja, aligeuka kuelekea ukutani na mabega yanatikisika. Musenyeri, ambaye pengine alidhani ile ni sehemu ya ibada ya kwetu, alininyooshea mkono nisimame, na mimi, mwenye adabu wakati usiofaa, nikapiga goti, nikaushika mkono wake nibusu pete. Nilipotaka kuuachia haukuachika. Ulimbo! Nikavuta, naye akavuta, tawi la mchikichi nalo likanasa katikati yetu, tukasimama pale tumeshikana kama wachumba, mpaka padiri akatuachanisha kidole kwa kidole. Musenyeri akatazama kiganja chake, akasema kwa Kiswahili chake kizuri kuliko cha padiri: "Nilitafuta mapadiri wa kuvua watu. Huyu ananasa."

Nyuma ya vicheko vile nilimtazama padiri. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, mkono umeingia chini ya chungu cha pili, anapapasa kokwa. Aliposimama, hakunitazama mimi. Alikwenda kwa mama, mbele ya wote, akavua kofia yake.

"Mama, nisamehe. Chungu hakina kosa. Nilisema vibaya."

Mama akamtazama, akakitazama kile chungu kilichokuwa bado kinatoa maji yake ya mwisho, akasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma, kwa Mama Feza na kwa yule wa kuvunja: "Mvua yote hii imekaa ndani, mompere, na nje hakuna hata jasho. Wenye vyungu vyangu nyumbani wamesikia?"

Wamesikia. Juma lile hakuna aliyevunja kitu, na Mama Feza mwenyewe alikuja kuuliza, kwa kuzungukazunguka kama kuku, mama anachanganya mchanga kiasi gani kwenye udongo wake.

Mimi nilitolewa kwenye altare mpaka Noeli. Adhabu yangu ilikuwa kuitoa mizeituni, kuosha mizizi (ilikuwa myeusi, laini kama mlenda), kuponda vigae, kuweka vigae na kokoto chini kabisa juu ya tundu, halafu mchanga, halafu udongo kidogo, huku padiri amesimama nyuma yangu akisema neno lake, na mimi peke yangu namjibu. Mitatu ilikufa. Mmoja ulitoa kijani kidogo kama ukucha wa mtoto, na siku naondoka kuja masomo ya huku padiri alinipeleka kuutazama, tukasimama wote wawili kama watu waliopatana. Sijui kama bado upo. Huku mvua ikipiga bati la bweni usiku, nautafakari, na yule chura pia.

Tangu hapo sizibi tundu. Panya akitoboa ukuta, napita. Chandarua changu kina tundu, mbu wananisalimia kwa jina. Mtu akicheka kitu cha nyumbani kwetu nampa tu mihogo akae kimya.

Jioni ya ile Siku ya Matawi mama aliniketisha karibu na moto, akamimina mafuta ya mawese kiganjani, akaanza kunisugua vidole kimoja kimoja, maana ulimbo hautoki kwa maji. Nilingoja kofi. Nilingoja hotuba. Alisugua mpaka kidole cha mwisho, akanifuta kwa kitambaa, akasema: "Kalume, siku ingine, mbele ya kunitetea, uniulize kwanza kama ninalia."